Nafasi ya Thelathini na Mbili

Ilikuwako nchi moja, na kama haikuwako, basi watu wake walijisumbua bure kuteseka. Jina lake lilikuwa halitajwi bila kibali, na fomu ya kuombea kibali ilitaka kwanza uandike jina la nchi. Kwa hiyo wenyeji waliiita "hapa kwetu," waliofanikiwa kuondoka waliiita "kule," na hakuna aliyepotea njia.

Katika mji mmoja wa nchi hiyo aliishi mjane aitwaye Bi Sikudhani, mfagizi wa maabara ya shule ya sekondari. Barua yake ya ajira ilimtaja kuwa Mhudumu wa Usafi Daraja la Mwisho, na alikuwa amelishikilia daraja hilo kwa miaka ishirini na sita bila kuanguka, maana chini yake hapakuwa na pa kuangukia. Yeye mwenyewe aliishia darasa la nne. Lakini kila asubuhi alilipangusa kwa kitambaa kibichi lile jedwali la elementi lililotundikwa ukutani, chumba kwa chumba, kuanzia haidrojeni iliyokaa peke yake pembeni kama mkwe aliyewahi kufika, hadi kule chini kwenye majina ambayo hata walimu huyatamka nusu na kumeza nusu. Mtu hawezi kumwosha uso mgeni kwa miaka ishirini na sita asimjue.

Chini ya jedwali hilo alimlea bintiye wa pekee, Rehani. Mtoto alijifunza kuhesabu kwa kupanda kigoda na kugusa vile vyumba. Alipokua akawa mwalimu wa kemia papo hapo. Mama anaziosha chupa asubuhi, binti anazichafua mchana, na kwa kazi hizo mbili chungu kilikaa jikoni.

Mambo yaliharibika siku Mheshimiwa Waziri wa Mpangilio alipoingia maabara akitafuta choo.

Aliliona jedwali akauliza ni ramani ya jimbo gani. Rehani akamweleza, kwa adabu, kwamba pale pamepangwa vitu vyote ambavyo dunia imeumbwa navyo. Waziri akataka kuonyeshwa dhahabu. Alipoiona iko namba sabini na tisa, chini ya vitu asivyovijua, uso ulimbadilika kama aliyekuta ndugu yake kakalishwa nyuma harusini. Akauliza ni nani aliyelipanga na kwa idhini ya nani, na huyo namba moja anauzwa bei gani.

"Mheshimiwa, hapa hapangwi mtu kwa bei wala kwa kung'aa," Rehani alisema. "Kila mmoja amehesabiwa vilivyomo ndani ya kiini chake. Mwenye kimoja ni wa kwanza, mwenye viwili ni wa pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Kisha wenye tabia moja wanawekwa safu moja, huyu chini ya huyu, kama ukoo. Ukimjua mmoja katika safu, umekaribia kuwajua wote."

Katika maneno yote hayo Waziri alisikia saba tu ya mwisho. Serikali yake kwa miaka mingi ilikuwa imeajiri watu wa kuwajua wananchi mmoja mmoja, na kazi ilikuwa haiishi, kwani kila ukimjua mmoja anazaa wengine. Alitoka pale amesahau hata choo alichokuwa akikitafuta.

Miezi miwili baadaye likatoka tangazo kwamba taifa zima litapangwa.

Kila mtaa ulichorewa uwanja kwa chokaa, wenye vyumba mia na kumi na vinane, na kila nyumba ikapewa chumba chake. Mtaa wenye nyumba nyingi kupita kiasi, zile zilizozidi ziliambiwa kuwa ni isotopi, yaani zisimame chumba kimoja na jirani na kula sahani moja naye. Mtaa wenye nyumba chache ulikopa majina makaburini. Hao wa makaburini ndio waliosifiwa sana na wakaguzi kwa utulivu wao.

Mkuu wa nchi mwenyewe alidai kuwa Namba Moja kote nchini, akapewa. Hakuna aliyethubutu kumweleza kwamba namba moja ni haidrojeni, kitu chepesi kuliko vyote duniani, ambacho ukikisogezea njiti ya kiberiti hulia "pu!" na kinachobaki ni jasho kidogo kwenye kioo.

Wabunge nao waliposikia kwamba safu ya mwisho kabisa ni ya gesi bwete, ambazo nyumba zao zimejaa, hazina haja na mtu, hazichanganyiki na yeyote wala hazifanyi kazi yoyote, waliigombania safu hiyo hadi wawili wakavunjika mbavu. Mwisho wake wote wakaenea, kwa kuwa katika nchi ile hakuna safu iliyojua kutanuka kama hiyo.

Aliyesimamia upangaji wa mtaa wa Bi Sikudhani alikuwa Bwana Ngwali, Afisa Mpangaji. Kijana huyu alisoma darasa moja na Rehani, na katika kemia alipata tisa kwa mia, nazo hizo tisa alizitazamia kwenye daftari la Rehani. Alikuwa na kipaza sauti cha betri na futi ya kupimia, na kwa vitu hivyo viwili alijiona ameelimika. Alimweka mama yake mzazi, Bi Mize, kwenye chumba cha dhahabu. Yeye mwenyewe alijiweka kwenye fedha, juu ya mama yake palepale katika safu, ili amwone vizuri. Mtoto anayempenda mama yake hivyo, ubaya wake mtu hauoni mpaka umemfika.

Bi Sikudhani akapewa namba kumi na nne. Rehani, kwa kuwa alikuwa na nyumba yake ya ualimu, akapewa thelathini na mbili, na kwa jinsi jedwali lilivyo, thelathini na mbili iko chini ya kumi na nne. Mama juu, binti chini yake, safu moja.

Kila Jumamosi palikuwa na kuitikia safu. Ngwali alisoma namba, na aliyesimama juu yake katika safu alitakiwa ageuke, amtazame, aseme kwa sauti, "Yupo nyuma yangu." Watu waliichukia Jumamosi: jua kali, miguu inauma, chokaa inaingia kwenye kucha. Bi Sikudhani aliipenda. Alimwambia bintiye kwamba serikali hii ina mengi, lakini imempa jambo ambalo hata marehemu mumewe hakumpa, kumlazimisha mara moja kwa wiki ageuke amtazame mwanawe mpaka atosheke. Rehani alikuwa akimkunjia pua kila akigeuka, na mama alikuwa akisema "Yupo nyuma yangu" huku ameuma mdomo asicheke mbele ya serikali.

Sasa, wanafunzi wa kidato cha pili ni watu wa kuuliza. Jumanne moja waliuliza mbona huyo mzee wa nchi za baridi aliyelipanga jedwali mara ya kwanza aliacha vyumba vitupu. Rehani akawajibu kwamba mzee yule aliona safu haziendi sawa. Ukiwasogeza wote wakabanana, kila mmoja anaangukia ukoo usio wake. Basi akaacha nafasi wazi, akasema hapa pana mtu ambaye hatujamwona, uzito wake utakuwa kadhaa, rangi yake kadhaa. Watu wakamcheka. Haikupita miaka mingi wakaanza kupatikana, mmoja baada ya mwingine, vilevile alivyosema.

"Kutoonekana si kutokuwepo," aliwaambia wanafunzi. "Mwenye akili humwachia mwenziwe nafasi."

Katika mtaa ule palikuwa na watu watatu waliochukuliwa mwaka uliopita, vyumba vyao vikapewa wengine, na hawatajwi. Madirisha ya darasa yalikuwa wazi, na nchi ile madirisha yake yalikuwa yameajiriwa.

Kabla kipindi hakijaisha walifika mabwana wawili wenye suti, wapole, wananukia sabuni. Walimwomba Mwalimu awafuate mara moja tu, akawasaidie kutambua elementi fulani. Bi Sikudhani alikuwa kwenye karo anasuuza chupa. Rehani, chaki bado mkononi, alimwambia, "Mama, lile jiko la spiriti linawaka. Lizime."

Mama akageuka akalizima. Alipogeuka tena mlango ulikuwa mtupu na gari linakata kona. Tangu siku hiyo kilichomla moyo hakikuwa hao mabwana, wao ni kazi yao; ni kwamba aliambiwa geuka, naye akageuka.

Alikwenda ofisi zote, na zote zilimpokea vizuri. Ya kwanza ilimpa kiti. Ya pili ilimpa maji ya kunywa, ikamweleza kwamba yeye hajawahi kuzaa, ikampa pole. Shuleni ratiba ya kidato cha pili ilionyesha kwamba kemia inafundishwa na Mwalimu Kipindi Huru, ambaye ameajiriwa muda mrefu na utendaji wake unaridhisha. Nyumba ya Rehani iliandikwa stoo. Akamwendea Ngwali, mtoto aliyekuwa akija kula na kulala kwake njaa ilipowapiga kwao, na Ngwali akawa na shida moja kubwa: hakujua amwiteje. Mtaa mzima ulimwita Mama Rehani tangu enzi. Sasa Rehani hayumo, na mama wa asiyekuwamo hawezi kuwa mama. Akatafuta, akatafuta, mwisho akasema, "Bi Kumi na Nne, hicho chumba cha thelathini na mbili kilikuwa kosa la chokaa. Mchoraji alizidisha mstari."

"Na aliyekuwa akikunakilishia hesabu za kemia," Bi Sikudhani aliuliza, "naye alikuwa mstari?"

Ngwali akatazama futi yake kama kwamba jibu limeandikwa humo.

Wiki hiyo ukatoka Waraka wa Kusogea. Nafasi wazi, waraka ulisema, ni fitina inayoonekana kwa macho. Kila mwenye namba thelathini na tatu na kuendelea asogee chumba kimoja ili pengo lifungwe, na taifa lisonge mbele, ingawa kwa kweli lilikuwa linasogea nyuma.

Jumamosi ile aliyesukumwa kwenye chumba cha Rehani alikuwa Fundi Vuai, mtengeneza saa, mtu mpole aliyepewa namba thelathini na tatu, ambayo ni ya sumu ya panya, kwa sababu tu alichelewa kujiandikisha. Alisimama pale amebana mabega asijaze chumba. Ngwali akaita. Bi Sikudhani akageuka, akatazama, akasema, "Hayupo. Aliyepo ni Fundi Vuai, na mkewe ndiye ninayenunua kwake maziwa."

Ngwali akaita tena. Akajibiwa vilevile. Akaamrisha abaki amesimama mpaka jua lizame ndipo akumbuke vizuri. Fundi Vuai hakuamrishwa, lakini alibaki naye, analia bila sauti, anamwomba radhi kwa kukanyaga pale.

"Usilie, shemeji," Bi Sikudhani alimwambia bila kugeuka. "Mguu wako hauna kosa. Ila jitahidi usimame pembeni kidogo, katikati pale ni pake."

Ikawa hivyo Jumamosi ya pili, ya tatu, ya saba. Kila Jumamosi anaulizwa, kila Jumamosi anasema hayupo, kila Jumamosi jua linamshukia. Ngozi ya uso ikambabuka. Watu wakamshauri aseme tu, neno ni upepo. Akawajibu kwamba akisema yupo huku hayupo, siku mwanawe atakapokuwepo yeye atakosa neno la kusema.

Kilichomsaidia si huruma ya mtu. Kilichomsaidia ni wabunge.

Kwani kusogea chumba kimoja, msomaji, si jambo dogo. Mwenye chumba cha mwanzo wa mstari hurudishwa mwisho wa mstari wa juu. Mwanzo wa mstari ndipo zilipo zile elementi kali ambazo ukizigusisha maji tu zinalipuka, na mtaani kwetu wale walikuwa vijana wa foleni ya bomba, wasioweza kuona ndoo bila kupigana. Sasa hao wakajikuta wameingia safu ya gesi bwete, kwenye viti vya kuegemea na mgao wa nyama. Siku ya kwanza walivunja viti. Siku ya pili wakauliza mbona nyama yote hii ilikuwa ikiliwa na watu wasiofanya kazi. Nao wabunge wakasogezwa kwenye safu ya jirani, ya wale waliopungukiwa kimoja tu na ambao kwa ajili ya hicho kimoja humnyang'anya yeyote anayepita. Wananchi walipowaona wamesimama pale walisema kwa sauti ya chini kwamba huenda waraka haukukosea mahali pote.

Wabunge wakapeleka malalamiko juu. Kwa siku tisa serikali ikaunda Tume ya Kurudisha Nafasi Bila Kurudisha Mtu, ikaletwa mtaani kwa magari sita. Tume ilitaka mtaalamu wa jedwali. Ikaambiwa yupo mmoja, ila kisheria hayupo. Ikauliza kuna mwingine. Ndipo ikaitiwa mfagizi.

Bi Sikudhani aliingia na kitambaa chake kibichi. Hakuhutubu. Aliwaeleza kile kile ambacho alikuwa amekisikia mara ishirini akiwa kwenye karo: yule mzee aliacha nafasi, akaitaja sifa za asiyeonekana, na kwa kuacha nafasi kila mwingine akakaa alipostahili. Wajumbe wakatazamana. Mwenyekiti wa Tume, aliyekuwa na kitambi cha heshima na miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutosomea, akauliza kama ana hakika kwamba nafasi ikiachwa wazi waheshimiwa watarudi kwenye viti vyao.

"Watarudi wote," alisema Bi Sikudhani. "Anayebaki nje ni mmoja tu."

Tume ikaona huo ni uwiano mzuri. Ikaamua nafasi iachwe, kwa sharti kwamba mwombaji ajaze Fomu ya Kitarajiwa, na kitu kitakachopatikana baadaye, ikiwa kitapatikana, kilinganishwe na fomu hadharani, kwani serikali ile haikupenda udanganyifu katika sayansi.

Aliijaza mezani palepale, kwa mwandiko wa darasa la nne, herufi kubwa kubwa kama watu waliosimama. Penye uzito aliandika kilo sitini na mbili. Penye rangi, maji ya kunde, na shavu la kulia jeusi kidogo kwa moto wa utotoni. Penye urefu akaandika ananifikia hapa, Tume ikamwomba aweke namba, akaweka. Penye alama za kutambulisha, jino la juu limemeguka kwa embe bichi.

Fomu ikauliza kitarajiwa huyeyuka kwa joto gani. Aliandika kwamba akiona mtoto wa mtu analia huyeyuka mara moja, lakini kwa vitisho haijawahi kutokea. Ikauliza humenyuka na nini. Aliandika, na uongo, hutoa moshi. Ikauliza kikigongwa hutoa sauti gani.

Hapo kalamu ilisimama. Mwenyekiti alibadilisha miwani mara mbili. Mwisho Bi Sikudhani aliinama akaandika neno moja, akaisukuma fomu. Alikuwa ameandika: ASIGONGWE.

Basi chokaa ikapigwa upya. Fundi Vuai akarudi kwenye sumu yake ya panya amefurahi kama aliyeingia peponi. Wabunge wakarudi kwenye ubwete. Jumamosi, Ngwali alipoita thelathini na mbili, Bi Sikudhani aligeuka, akakitazama kile chumba kitupu, akasema jibu jipya lililoruhusiwa na sheria: "Anatarajiwa."

Alisema hivyo masika yote na kipupwe chote. Akarudi maabara, akaendelea kupangusa. Alipofika thelathini na mbili ukutani alikuwa anapitisha kitambaa mara mbili. Alikuwa ameanza hata kunenepa kidogo, kwani tumaini nalo ni chakula, ingawa halishibishi.

Mwezi wa kumi na moja tangu ile Jumanne, Ngwali alitangaza kwamba mtaa utafanya sherehe ya Jedwali Kamili, wa kwanza nchini, na kwamba Waziri mwenyewe atakuja. Watu wote mia na kumi na saba walipangwa. Zikaletwa turubai, bendi na vipaza sauti vikubwa kwenye nguzo. Kisha likaja gari la kijani, wakashusha sanduku refu la mbao lililopigiliwa misumari, wakaliweka kwenye chumba cha thelathini na mbili. Lilienea vizuri. Futi ya Ngwali haikuwahi kukosea.

Bi Sikudhani alisimama kwenye kumi na nne yake. Hakugeuka.

Waziri alihutubia kwa saa nzima. Alisema nchi nyingine zinayo majedwali ya karatasi, sisi tuna la nyama. Alisema ndoto ya wataalamu ni kutabiri na kupata, na leo tumetabiri, tumepata. Bendi ikapiga. Ndipo Ngwali akasimama kulinganisha, fomu mkono wa kushoto, cheti cha walioleta sanduku mkono wa kulia.

Alisoma rangi: imelingana. Shavu la kulia: limelingana. Urefu: umelingana. Jino la juu: limelingana. Kila akisema limelingana waalikwa chini ya turubai walipiga makofi, na kila makofi yalipopigwa Bi Mize, kule kwenye dhahabu, alikuwa akimtazama mwanawe. Ngwali alipofika kwenye uzito akakohoa, akasoma haraka, akataka kupita.

"Rudia hapo," alisema Bi Sikudhani.

Ngwali akatazama turubai. Waziri akaashiria kwa kidole kwamba sayansi iendelee.

"Arobaini na moja," alisema Ngwali.

"Na mimi niliandika?"

"Sitini na mbili."

"Basi siye." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayerudisha samaki sokoni. "Rudisheni sanduku lenu, na nafasi ikae wazi. Hata yule mzee waliwahi kumpelekea uzito usiolingana na aliousema. Hakukubali. Aliwaambia pimeni tena. Walipopima vizuri wakakuta yeye ndiye mkweli. Pimeni tena, Ngwali. Wangu ni sitini na mbili."

Pale pana waziri, pana bendi, pana karamu inayopoa. Cheo cha Ngwali kilikuwa kimesimama juu ya tofauti ya kilo ishirini na moja. Jua limempiga, jasho linamtoka, kipaza sauti kipo mdomoni, na akili yake ya tisa kwa mia ikatafuta sababu ya kisayansi, ikaipata, naye akafurahi kuipata kama mwanafunzi.

"Hata tukipima mara mia, Mama Rehani, hautaongezeka," alisema, na vipaza sauti vya nguzoni vikalipeleka neno hadi stesheni. "Miezi kumi na moja yuko kwetu kule. Nani asingepungua?"

Bendi walikuwa wameinua matarumbeta, hawakuyapuliza. Watu mia na kumi na saba walisimama kila mmoja katika chumba chake cha chokaa, kama walivyofundishwa, na wote walikuwa wamesikia kwamba alikuwepo.

Ndipo Bi Sikudhani akageuka. Alitazama sanduku muda mrefu, kutoka kichwani hadi miguuni, kama Jumamosi zile. Kisha akalijibu lile swali ambalo siku hiyo hakuna aliyeliuliza.

"Yupo nyuma yangu," alisema.

Akaenda akapiga magoti, akaanza kung'oa misumari kwa vidole. Fundi Vuai akatoka kwenye chumba chake na bisibisi ndogo ya saa, akapiga magoti upande wa pili. Hakuamrishwa na mtu. Waziri alikuwa ameshakumbuka kwamba ana kikao.

Rehani alizikwa jioni ile ile, na kaburini walikuja watu wa safu zote wamechanganyikana, jambo ambalo kwa sheria ni kosa. Gazeti la serikali liliandika kwamba sherehe zilifana, na kwamba sanduku lilikuwa la vifaa vya maabara.

Jumatatu Ngwali hakuonekana ofisini. Jumanne ofisi ilikuwa na Ngwali mwingine, mfupi, aliyesema kwamba yeye ndiye amekuwepo siku zote. Jumamosi, ilipofika zamu ya dhahabu, hapakuwa na mtu juu yake wa kugeuka na kusema yupo, na Afisa mpya akamwambia Bi Mize kwamba hajawahi kuzaa, akampa kiti.

Siku ya pili yake Bi Sikudhani alikuwa uani anaanua khanga zake za eda ya moyo, ile isiyo na idadi ya siku, aliposikia hodi. Alikuwa Bi Mize. Alisimama mlangoni hajui aanze na salamu au na kuomba radhi, mtandio umemshuka begani, amezeeka wiki moja kama mwaka. Hata kile kiatu cha kushoto alivaa cha mtu mwingine. Alisema hakuja kukaa. Alisema anajua hana uso wa kuja nao. Alisema ameletewa fomu, na hajui kusoma, na mtaani hakuna anayetaka kuonekana akimsomea.

Bi Sikudhani alimtazama. Wapo waliokuwa wakichungulia juu ya ua wakingoja amfukuze, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye mwenyewe alingoja kidogo aone kama atamfukuza. Kisha akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakifuta kwa upindo wa khanga na kukiweka kivulini.

"Karibu, Mama Ngwali," alisema. "Kaa."

Bi Mize akakaa, na kwa kuitwa jina hilo akaanza kulia. Bi Sikudhani alimwacha alie mpaka akafika mwisho wake mwenyewe. Akaichukua fomu, akainyoosha gotini, akalamba ncha ya penseli.

"Haya," alisema. "Tuanze na uzito."